GARI LA DERAYA NA MLANGO WA RAIA



Katika vyombo vyote vya vita alivyovibuni binadamu, kimoja chastahili kutazamwa na raia kwa makini kuliko vyote. Si mzinga, wala si manowari, wala si ndege ya mabomu. Ni gari la deraya la magurudumu, lile linalobeba askari ndani ya tumbo lake la chuma. Raia wengi huishi wakafa bila ya kuiona manowari ikipiga. Lakini gari la deraya humfuata raia mpaka mlangoni kwake.

Sisi twasema hivi: gari hili hubuniwa kwa jina la kumkinga askari na adui mwenye silaha, na mara nyingi likaishia kupelekwa kwa raia asiyekuwa nayo. Hilo si kosa la chuma. Ni kosa la amri isiyoulizwa. Na ili neno letu lisiwe dai tupu, tutalifuata gari hilo katika nchi ambayo khabari zake zimeandikwa na kuthibitishwa, nayo ni Afrika Kusini. Nchi hiyo ni mbali na visiwa vyetu, lakini mambo yake hayakuwa mbali nasi hata siku moja. Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka wa 1963, na vijana wengi waliokwenda kupambana na Makaburu walipita katika pwani hii.

Kwanza tueleze kwa nini magurudumu. Kifaru hutembea kwa minyororo. Hupanda vilima na kuvuka matope, lakini ni kizito, hula mafuta mengi, huchimba lami, na kila baada ya safari hutaka mafundi wake makhsusi. Gari la magurudumu halina taabu hizo. Lafuata barabara kama lori, lakwenda mbio, latengenezwa kwa vyuma vya lori, na dereva wa lori hujifunza kuliendesha kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo serikali nyingi zalipenda. Lakini msomaji na atazame maana yake. Chombo kinachopenda barabara kitakwenda kule barabara iendako, na barabara haziendi kwenye uwanja wa vita tu. Zaendelea mpaka sokoni, skuli, kiwandani na nyumbani kwa watu.

Gari la kwanza la kutajwa ni Saracen la Kiingereza. Lilitengenezwa na kampuni ya Alvis katika mji wa Coventry, na kazi ya kuyatoa kwa wingi ilianza mwaka wa 1952, kwani Waingereza walikuwa wakiyataka kwa haraka kwa vita vyao vya Malaya. Lilikuwa na magurudumu sita yote yakivutwa na injini, uzito wa tani kumi hivi, injini ya petroli ya Rolls-Royce ya silinda nane iliyokaa mbele, milango miwili nyuma ya kushushia askari, na juu yake kizimba cha kuzunguka chenye bunduki ya rashasha. Katika njia nzuri lilikwenda kilomita 72 kwa saa. Yalitengenezwa zaidi ya 1,800 mpaka mwaka wa 1972. Lilitumika Malaya, likatumika Aden, na baadaye likatumika ndani ya Ufalme wa Uingereza wenyewe, katika mitaa ya Ireland ya Kaskazini. Serikali ya Makaburu nayo iliyanunua.

Tarehe 21 Machi 1960 Waafrika wa Sharpeville, kusini ya Johannesburg, walikwenda kwenye kituo cha polisi bila ya pasi zao. Pasi ilikuwa ni kile kitabu ambacho Mwafrika alilazimishwa kukichukua kila aendako, na asiyekuwa nacho akatiwa ndani. Chama cha PAC, chini ya uongozi wa Robert Sobukwe, kiliwataka watu waziache pasi majumbani na wajitoe wenyewe kukamatwa. Watu hawakuwa na bunduki. Mbele yao kulikuwa na ua wa waya, polisi wenye silaha, na magari ya Saracen. Polisi wakafyatua risasi. Kwa hisabu iliyotolewa wakati ule na kushikwa kwa miaka mingi, watu 69 walikufa na wapatao 180 walijeruhiwa. Ushahidi wa madaktari ulionyesha kuwa wengi wao walipigwa kwa nyuma, yaani walikuwa wakikimbia.

Twauliza: deraya ile ilimkinga nani, na ilimkinga na nini? Gari lililobuniwa kwa ajili ya msitu wa Malaya, ambako askari alivizwa kwa bunduki, lilisimama mbele ya watu waliokuja mikono mitupu kujitoa wakamatwe. Mwezi mmoja haukupita, tarehe 8 Aprili, serikali ikavipiga marufuku vyama vya ANC na PAC. Mlango wa siasa ukafungwa, na waliofungiwa nje wakatafuta njia nyengine.

Njia hiyo nyengine ndiyo iliyozaa gari la pili, nalo kwa kazi yake ni mashuhuri kuliko la kwanza. Katika mwaka wa 1964 wapiganaji wa SWAPO ya Namibia walikuwa pamoja na wenzao wa FRELIMO na ANC katika kambi ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Wengine katika hao ndio waliovuka nchi kadhaa wakarudi kwao, na tarehe 26 Agosti 1966 wakapambana na Makaburu mara ya kwanza mahali paitwapo Omugulugwombashe. Mpiganaji yule hakuwa na ndege wala kifaru. Lakini kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 alikuwa na bomu la kutegwa ardhini. Bomu moja lililofukiwa katika njia ya mchanga liliweza kulipasua lori zima pamoja na waliomo. Katika nchi ya Rhodesia nako mambo yalikuwa hayo hayo.

Wahandisi wa Rhodesia na wa Afrika Kusini wakakaa kulitafutia dawa bomu hilo. Dawa waliyoipata ni jambo ambalo sisi watu wa visiwani tutalifahamu upesi kuliko wengine, kwani ni umbo la jahazi. Chini ya gari la kawaida ni bapa, na bomu likilipuka, nguvu yote hulipiga bapa lile na kulirusha juu. Wahandisi wakalinyanyua gari mbali na ardhi, na sehemu yake ya chini wakaifanya mfano wa herufi V, kama mkuku wa jahazi. Mkuku hulipasua wimbi likapita huku na huku, na chuma kile nacho kikaupasua mlipuko ukapita pembeni. Gurudumu na ekseli huvunjika zikaruka, lakini waliokaa ndani wakiwa wamejifunga mikanda hutoka wazima.

Kwanza lilitokea gari liitwalo Hippo, mwaka wa 1974, lililojengwa juu ya lori la Bedford. Kisha mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 likabuniwa gari la Casspir. Hata jina lake lina maana, kwani herufi zake ni mchanganyiko wa SAP, yaani polisi ya Afrika Kusini, na CSIR, yaani baraza la utafiti wa kisayansi la nchi hiyo. Ni la magurudumu manne yote yakivutwa, uzito wake ni tani kumi na kitu, injini yake ni ya dizeli ya aina ya Mercedes-Benz, na huchukua watu wawili wa kuliendesha na kuliamrisha pamoja na askari 12. Lilifanywa listahamili kilo 21 za baruti ya TNT chini ya gurudumu, ama kilo 14 chini ya tumbo lake. Yote hayo yalifanyika hali ya kuwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisha kuamrisha, kwa azimio nambari 418 la tarehe 4 Novemba 1977, kuwa nchi yoyote isiiuzie Afrika Kusini silaha.

Lazima tuseme kweli, kwani gazeti linaloficha nusu ya mambo halina haki ya kuaminiwa nusu iliyobaki. Casspir ni kazi ya ufundi mkubwa. Liliokoa roho za watu, na kuokoa roho ya askari si dhambi. Askari naye ana mama yake. Kama khabari zingeishia hapo, tusingekuwa na la kuandika. Lakini hazikuishia hapo.

Kaskazini ya Namibia, Casspir lilikabidhiwa kikosi cha polisi kilichoitwa Koevoet, na maana ya neno hilo ni mtaimbo. Kikosi hiki kiliwafuata wapiganaji kwa nyayo, wafuatiliaji wakikimbia mbele na magari nyuma, na watu wake wakilipwa fedha kwa kila aliyeuliwa. Imeandikwa na kupigwa picha jinsi maiti walivyofungwa juu ya magari yale na kupitishwa vijijini ili watu waone. Hapa deraya haikuwa tena ngao ya kujikinga. Ilikuwa ni chombo cha kuwatia watu khofu.

Kisha magari yakarudi nyumbani. Hippo lilikwisha kuonekana Soweto mwaka wa 1976, wakati wanafunzi walipokataa kusomeshwa kwa lugha ya Kikaburu. Tarehe 23 Oktoba 1984 askari na polisi wapatao 7,000 waliuzunguka mji wa Waafrika wa Sebokeng na kuingia nyumba baada ya nyumba. Tokea siku hizo Casspir la rangi ya manjano likawa ni jambo la kila siku katika mitaa ya Waafrika. Gari lililobuniwa kwa ajili ya bomu la msituni likawa linapita katika vichochoro ambavyo hakuna aliyewahi kutega bomu ndani yake.

Ikafika tarehe 21 Machi 1985, miaka 25 kamili tangu Sharpeville. Watu wa Langa, karibu na mji wa Uitenhage, walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda maziko. Polisi wakiwa katika magari ya deraya wakawazuia njiani, kisha wakawapiga risasi. Si chini ya watu 20 waliuawa, na wengi wao walipigwa kwa nyuma, kama vile Sharpeville. Serikali ilimweka Jaji Kannemeyer kuchunguza, naye akabainisha jambo ambalo twamwomba kila mwanachama alishike moyoni: polisi wale hawakuwa wamepewa gesi ya machozi wala risasi za mpira. Walipewa deraya na risasi za kuua, basi. Katikati ya kukaa kimya na kuua hapakubakishwa chochote.

Kwa nini gari hili huacha njia yake namna hiyo? Sisi twaona sababu tatu.

Ya kwanza ni kuwa deraya hubadilisha macho ya aliyemo ndani. Polisi anayetembea kwa miguu huona nyuso, husikia maneno, huulizwa na hujibu. Aliyefungiwa ndani ya chuma, akachungulia kwa kidirisha kidogo cha kioo kizito, huona kundi tu. Na kundi halina jina, wala halina mama.

Ya pili ni kuwa chombo kilichokwisha kununuliwa hutafutiwa kazi. Vita vikipoa, magari hayatupwi. Hupakwa rangi mpya na kupewa polisi. Jambo hili si la Makaburu peke yao. Marekani, baada ya kupoteza askari wengi kwa mabomu ya barabarani katika Irak, ilinunua kuanzia mwaka wa 2007 maelfu ya magari yenye tumbo la V kwa kufuata elimu ile ile iliyotoka kusini ya Afrika. Vita vilipopungua, mamia ya magari hayo yaligaiwa kwa polisi wa miji na wilaya ndani ya Marekani kwenyewe, na mengine yalikwenda kwenye miji midogo ambayo haijapata kuona bomu la ardhini tangu iumbwe.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni kuwa anayeamrisha huwa hakai ndani ya gari. Hukaa ofisini. Watu wakifa, husema polisi waliingiwa na khofu. Polisi nao husema waliamrishwa. Gari limesimama baina yao, na gari halitoi ushahidi.

Wako watakaosema: hayo yalikuwa ni mambo ya utawala wa ubaguzi, nao umekwisha. Namibia ilipata uhuru wake tarehe 21 Machi 1990, siku ile ile ya Sharpeville na ya Langa, na Afrika Kusini ilipiga kura yake ya watu wote mwezi wa Aprili 1994. Ni kweli, na twashukuru. Tena ni kweli kuwa Casspir lile lile lilipata kazi njema. Lilitumika kusafisha mabomu ya ardhini katika nchi za Msumbiji na Angola, likawapitisha salama watu waliokuwa wakiiondoa khatari ile ile iliyolizaa. Lilionekana Mogadishu likiwabeba askari wa Uganda katika jeshi la Umoja wa Afrika la AMISOM, lililokuwako Somalia tangu mwaka wa 2007 mpaka 2022, nao ni askari ambao Kiswahili ni lugha ya kambi zao. Na mwaka wa 2016 msanii Ralph Ziman alionyesha katika Cape Town gari zima la Casspir lililofunikwa kwa shanga za rangi, ili lile lililowatia watu khofu lipate kutazamwa mchana kweupe bila ya khofu.

Mambo haya yathibitisha neno letu la mwanzo kuwa chuma hakina dini wala chama. Lakini wanaotegemea kuwa kubadilika kwa bendera kunatosha na watazame tarehe 16 Agosti 2012. Siku hiyo, katika machimbo ya Marikana, polisi wa Afrika Kusini iliyo huru, chini ya serikali iliyochaguliwa na wengi, waliwakabili wachimbaji waliogoma kutaka kuongezewa mshahara. Walikuja na seng'enge za miba na magari ya deraya ya aina ya Nyala. Kabla ya jua kuchwa wachimbaji 34 walikuwa wamekufa kwa risasi za polisi. Wengine waliuawa si mbele ya seng'enge, bali kwenye majabali walikokuwa wamekimbilia.

Hapa pana somo kwa kila chama, na khasa chama cha upinzani kama hiki chetu. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Wengi katika wale walioongoza serikali ya mwaka wa 2012 walikuwa wamewahi wao wenyewe kuzikimbia Hippo na Casspir. Walirithi magari, wakarithi na namna ya kuyaamrisha. Basi asitokee mwanachama akasema kuwa siku yetu ikifika mambo yatanyooka yenyewe. Yasiponyooshwa kwa sheria hayanyooki, hata wakitawala malaika.

Tumesikia pia hoja ya wale wasemao kuwa polisi wana haki ya kukingwa. Hatuipingi. Palipo na mtu mwenye bunduki aliyejifungia ndani ya nyumba, gari la deraya ni chombo cha akili, kwani laweza kumtoa majeruhi bila ya kufa mtu wa pili. Tunalolipinga ni kulipeleka mahali ambapo hakuna silaha ila sauti, likafanywa ndiyo jawabu la kwanza la serikali badala ya kuwa la mwisho.

Kwa hivyo twawataka wanachama, kila mahali serikali yoyote inapoagiza magari kama hayo, waulize mambo manne bila ya matusi na bila ya kuchoka. La kwanza, fedha za kuyanunulia zilipitishwa na baraza gani, na wajumbe waliambiwa ni kwa kazi gani? La pili, ni nani kwa jina na kwa cheo mwenye ruhusa ya kuyatoa nje ya kambi, na amri yake huandikwa wapi? La tatu, kila gari lina nambari kubwa inayosomeka kwa mbali, ili raia aweze kusema ni lipi alilolishuhudia? La nne, mtu akifa, nani huchunguza? Kwani mtuhumiwa hawezi kuwa ndiye kadhi wa kesi yake.

Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Mkulima aweza kuyauliza, mvuvi aweza kuyauliza, na mama wa nyumbani aweza kuyauliza. Ni haki yao, kwani magari yale hununuliwa kwa kodi yao. Serikali isiyokuwa na la kuficha itayajibu kwa siku moja. Ile itakayokasirika kwa kuulizwa tu, basi hasira yake itakuwa ndiyo jawabu.

Waliokufa Sharpeville walikwenda kituoni mikono mitupu, wakaamini kuwa mtu asiyekuwa na silaha hana sababu ya kupigwa. Imani yao haikuwa ya kijinga. Ilikuwa ni imani sahihi katika nchi isiyokuwa sahihi. Kazi ya chama cha siasa ni kuifanya nchi ilingane na imani ile, kwa kalamu, kwa kura na kwa sheria, kabla gari halijawashwa. Likishawashwa, wakati wa kuuliza umekwisha kupita.